Mhimili wa Pembea Uko Langoni kwa Mwenye Ng'ombe

Bibi wa pembea amefariki. Habari ilinifikia huku Kyerwa asubuhi, kwa kinywa cha mpagazi aliyetua mzigo wake wa kahawa mlangoni pangu ili avute pumzi. Nilimpa maji, nikamuuliza kuna nini huko atokako, akanijibu huku akijifuta jasho, "Hakuna jambo. Mvua hakuna, njia ni kavu. Yule bibi wa Waswahili, mwua ng'ombe, ndiye amekufa jana." Alilitamka jina hilo bila ubaya wowote, kama mtu anavyotaja mlima au kijito. Ni kijana mdogo, na pembea hajaiona kwa macho yake. Hajui mbao zake zilikuwa ngapi wala zililiaje, hajui ladha ya kashata za marehemu wala harufu ya jiko lake. Pembea imesahauliwa, kashata zimesahauliwa, tusi ndilo lililorithiwa. Nilifunga mlango wangu, nikashika njia ya Karagwe kabla jua halijawa kali, nami nilikuwa nimekwisha kukasirika. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba sipendi kuandika kwa hasira. Leo watanivumilia, maana nimejaribu kungoja ipoe na imekataa.

Kwanza nieleze alikuwa nani, kwa kuwa wengi mnaosomewa safu hii mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mbali. Marehemu alikuja katika mji wetu mdogo, ule ulioko njiani baina ya Kituntu na Kihanga, pamoja na mumewe, mfanyabiashara wa nguo na shanga. Asili yao ilikuwa pwani, wakapitia Tabora. Mume alikufa kwa homa kabla sijahamia mji huo, naye hakurudi kwao. Aliendelea na duka, nasi tulikuwa majirani mpaka nilipohamia huku Kyerwa, ukuta wangu na ukuta wake zikitenganishwa na migomba michache. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, asiyeweza kumwona mtu akipita na njaa bila kumwuliza, "Umekula nini leo?" Ukimjibu umekula vizuri, alikuuliza nani amepika, kisha akakuonea huruma.

Kila kiangazi, mtama ukishavunwa na kahawa ikishaanikwa, watu wakiwa na nafasi na njia zikiwa kavu, aliandaa siku za pembea. Desturi hii aliitoa kwao, ambako siku za Idi huwekwa viwanja vya michezo na vyakula. Huku kwetu Waislamu ni wachache, basi akaona Idi yao peke yao ni ndogo mno kwa pembea kubwa, akaipeleka kiangazi ili iwe ya watu wote. Pembea yenyewe ilichongwa na mumewe. Zilikuwa nguzo mbili nene, na juu yake umelazwa mhimili wa mti wa msambya, mviringo, laini kama mchi wa siku nyingi. Katika mhimili zilipigiliwa mbao za msalaba, na kila ncha ya mbao ilining'inia sanduku la kukaa watu wawili. Vijana walisukuma sanduku la chini, na yaliyo chini yakaenda juu, na yaliyo juu yakashuka, watu wakipiga kelele za hofu ambayo mtu huitafuta mwenyewe. Mhimili ulilia. Tuliusikia tangu mbali, na marehemu alikuwa akiupaka mafuta ya nyonyo akiusemesha, "Nyamaza we, hujazaa wewe."

Chakula chake, ee ndugu zangu! Nazi hakuna Karagwe, basi maharage aliyapika kwa karanga zilizosagwa na bizari alizoletewa na misafara, yakawa mazito, mekundu, mtu anayapangusa bakulini kwa kidole bila haya. Mchele ulikuwa adimu, vitumbua akavikaanga kwa unga wa ulezi. Sukari ilikuwa adimu, kashata akazishika kwa asali. Kulikuwa na ndizi za kuchoma zilizopasuliwa na kutiwa pilipili, na kulikuwa na omuramba, yale maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajachacha, maana pombe hakuiuza wala hakuiruhusu karibu na pembea. "Anayetaka kuzungukwa na dunia bila kupanda sanduku, aende kwingine," alisema. Watu walitoka Kihanga, walitoka Nyabiyonza wakiwa na vikapu vya buni kavu za kutafuna kichwani, wakalipa kwa walichokuwa nacho, kauri au mkungu wa ndizi au mzigo wa kuni. Asiyekuwa na kitu alisukuma.

Nakumbuka ajuza mmoja wa Nyabiyonza, mkongwe wa kutembea kwa fimbo, aliyekataa katakata kupanda, akisema yeye miguu yake haijapata kuiacha ardhi ila siku alipobebwa kuolewa. Wajukuu wakamsukumiza. Alifunga macho mpaka sanduku likafika juu kabisa, na hapo wasukumaji, kwa ukorofi wao, wakasimama. Tukadhani ataanza kulia. Akafungua jicho moja. Akafungua la pili. Kisha akapaza sauti, "Naiona Kihanga! Naona moshi! Nani yule anakata migomba ya mwenzake?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Marehemu akamwita toka chini, "Mama, shuka, wenzako wanangoja!" Ajuza akajibu, "Wangoje! Mimi nimengoja miaka yote hii!" Wale waliokuwa kwenye foleni wakamwimbia, "Aliye juu mngoje chini! Aliye juu mngoje chini!" naye akawapungia fimbo yake kama mtawala anayepokea salamu. Aliposhuka alitaka kurudi tena. Alikufa mwaka uliofuata, na wajukuu zake wameniambia kwamba hata katika ugonjwa wake wa mwisho alikuwa akiwasimulia alichokiona kutoka juu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Huku kwetu wapo watu wa migomba na wapo watu wa ng'ombe, na miiko ya maziwa ni ya wote. Siku hizo mtu aliyekula maharage hakunywa maziwa siku hiyo, hata kama amekauka koo. Waliamini kwamba akiyanywa, dhara halimpati yeye. Linamrudia ng'ombe aliyekamuliwa: kiwele kinavimba, maziwa yanatoka na damu, mnyama anakufa. Msilicheke jambo hili haraka. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilikuwa imepita Karagwe na kuacha mizoga mabondeni. Mtu aliyekuwa na zizi la kujaa alibaki na ng'ombe wa kuwaita kwa majina akikaa kitako. Kila aliyebaki alilindwa kama mboni ya jicho, na mwiko ulikuwa ndio boma lake. Marehemu, mgeni wa pwani ambako mtu hula maharage na mtindi katika sinia moja, alijifunza haya kwa kuuliza, na alipoyajua aliyashika kuliko wenyeji. Katika siku za pembea watu wa mazizi nao walileta maziwa yao katika vibuyu vilivyofukizwa, wakauza upande wa pili wa uwanja. Yeye akatunga utaratibu wake: kila aliyepokea bakuli la maharage alifungwa ugwe wa mgomba mkononi, fundo lake mwenyewe, gumu kufunguka. Mwenye ugwe akifika kwenye vibuyu, wauza maziwa humwona na kumrudisha. "Nenda, mama wa maharage amekwisha kukuoa!" walikuwa wakimtania. Jioni uwanja mzima ulijaa mikono yenye nyugwe, na hakuna aliyeona haya.

Na hili pia liandikwe: katika masanduku ya pembea hakukuwa na mbele wala nyuma. Aliyefika kwanza alipanda kwanza. Nimemwona binti wa mwenye ng'ombe, shanga shingoni, ameketi ubavu kwa ubavu na mfua vyuma, wameshikana mikono kwa hofu, na waliposhuka wakaachiana upesi. Wapo ambao jambo hilo liliwachoma. Hawakulisema. Waliweka akiba.

Kiangazi kimoja, siku chache baada ya pembea kusimama, ng'ombe bora wa zizi kubwa la jirani alivimba kiwele, akatoa damu, akafa. Zizi lilikuwa la mzee mmoja aliyekuwa hai bado lakini hatoki ndani, na fimbo ya ng'ombe alikuwa amemkabidhi mwanawe. Mwana huyo alikuwa wa rika langu, mrefu, msafi wa nguo, anayejua kusema. Alikuwa mtu wa kwanza kufika barazani kwa mkuu wa eneo kushtaki, na shtaka lake lilikuwa fupi: mtu alikula maharage kwenye pembea, akanywa maziwa ya ng'ombe wake, na bibi wa Waswahili ndiye mwenye maharage. Nilihudhuria. Nimezoea kuhudhuria mabaraza na kukumbuka maneno yalivyosemwa, na haya nayakumbuka.

Mkuu akamwuliza marehemu, "Mama, ni wewe uliyepika maharage?"

"Ni mimi, waitu," alijibu kwa heshima ya wenyeji.

"Na kila aliyekula ulimfunga ugwe?"

Angeweza kusema ndiyo, na shauri lingekwisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ushahidi. Lakini alikuwa ameapishwa, naye hakuwa mwanamke wa kuapa uongo. "Wote, waitu. Isipokuwa mtu mmoja."

Baraza likavuma. "Nani?"

"Aliniomba nisimfunge. Alikuwa na sababu zake."

"Mtaje!"

"Waitu, mtu akija jikoni kwangu na njaa yake, akanikabidhi na aibu yake, vyote viwili ninavitunza. Siwezi kumlisha leo, kesho nikamtoa sokoni kama mbuzi. Nihukumuni mimi niliyekubali kutofunga."

Hapo mwana wa mwenye zizi aliinuka. Alikuwa na kiko mkononi, amekuwa akikikwangua majivu kwa kijiti muda wote huo. "Hakuna mtu huyo," akasema. "Amesahau kufunga kwa tamaa ya kuuza, sasa anatutungia mgeni. Kama yupo, na asimame mbele yetu! Nani aliyekula? Simama!" Akageuka huku na huku, akatutazama mmoja mmoja usoni. Mimi pia alinitazama. Hakusimama mtu. "Mmeona?" akasema, akaketi.

Hukumu ikatoka kabla jua halijapinduka. Pembea ivunjwe, isisimamishwe tena. Bibi asipikie watu maharage. Mbao zake apewe aliyefiwa na ng'ombe, ziwe fidia. Siku ile ile walikuja vijana wa zizi na mashoka. Marehemu alisimama mlangoni pa duka lake, mikono ameifumbata ndani ya kanga, hakulia. Mhimili ulipotolewa juu ya nguzo na kuanguka, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwagiza mtu dukani, "Msiuburute. Ubebeni. Mume wangu aliuchonga muda mrefu." Wakauburuta.

Baada ya hapo aliishi miaka mingi, na sina budi kueleza aliishije, kwa sababu hukumu za mabaraza huandikwa kana kwamba zinaishia barazani. Jina la mwua ng'ombe lilimshika. Wanawake waliokuwa wakimletea ndizi walipita kwa mbali. Harusi zilipikwa bila yeye, na katika mji ule hakukuwa na aibu kubwa zaidi, maana hata waliompinga walikiri kwamba hakuna mkono kama wake. Watu wa misafara walinunua chumvi kwake na wakaondoka. Nilizoea kuingia jioni na kumkuta ameketi na bakuli lake la maharage peke yake, mtu aliyezoea kulisha uwanja. Nilimshawishi mara nyingi anitajie yule mtu. "Shangazi," nilimwambia, maana ndivyo nilivyomwita, "neno moja tu, na mimi nitakwenda kwa mkuu." Alinijibu, "Mwanangu, nikilitoa hilo neno, nimebaki na nini? Pembea wamechukua. Mdomo wangu wameniachia." Kisha akaniuliza nimekula nini leo. Nasema wazi kwamba jibu hilo liliniudhi siku zile na linaniudhi hata sasa. Nilimheshimu, na nilitamani asiwe mwema kiasi kile kwa mtu asiyestahili.

Basi nilifika mjini siku ya hitima. Nilikuta watu wengi, wengi kupita wale waliopata kuingia duka lake katika miaka ile yote nikiwajumlisha, na hili lilinipandisha hasira nyingine juu ya ile ya njiani. Dua ikasomwa, sinia zikatandazwa. Waliopika ni wanawake wa jirani, na sijui kama waliwaza walichokifanya au walifanya bila kuwaza, lakini mbele yetu viliwekwa viwili pamoja: maharage, na vibuyu vya mtindi. Watu wakala hiki na kunywa kile, mkono ule ule, kinywa kile kile, na hakuna aliyeshtuka. Mambo yamebadilika. Vijana wamekwenda kazini Bukoba na kwingineko, wamekula wanachokikuta, wamerudi, na ng'ombe wao wanazaa. Mwiko haukufutwa na baraza lolote. Umechakaa tu, kama kanga.

Katika sinia iliyo karibu na yangu alikuwapo yule mwana wa mwenye zizi. Sasa ndiye mwenye zizi, tena mzee wa kuamkiwa. Kila kijana aliyepita alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akitafuna. Alichota maharage, akashushia mtindi, akapangusa masharubu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Siku hizi ng'ombe hawasikii!" Watu wakacheka. Akaona wamecheka, akaendelea, maana ni mtu anayejua kusema. "Lakini ya marehemu hayakuwa hivi. Haya ni ya kushibia tu! Ya marehemu ndiyo yaliyoniponza mimi."

"Yalikuponzaje, mzee?" kijana mmoja akauliza.

"Nilizunguka nyuma ya jiko lake kama mwizi. Harufu ilikuwa imenitoa akili. Nikamwambia, mama, nipe bakuli, lakini usinifunge ugwe, mimi ni mtu wa zizi, watu watanionaje? Akanitazama, akacheka, akanipa. Nikala, nikaongeza! Nikarudi nyumbani, nikanywa maziwa yangu kama kawaida, maana ningeyakataa baba angejua. Loo! Ng'ombe alipovimba kiwele, sikulala. Nilijua baba akisikia, fimbo atampa mdogo wangu. Basi nikakimbilia barazani kabla sijaulizwa." Akalipiga paja lake. "Na bibi wa watu akanyamaza! Alikuwa mwanamke yule. Mungu amrehemu."

"Amina," watu wakaitikia, na wengine walikuwa bado wanacheka.

Nimeandika mambo mengi katika safu hii, na nimekaa katika mikusanyiko mingi, lakini sijapata kusikia kicheko kilichonifanya nitake kuondoka katika ngozi yangu kama kile. Tulikuwa juu ya mkeka wake, katika ua wake, tukila kwa ajili ya roho yake, na aliyemvunjia maisha alikuwa anatuchekesha kwa namna alivyoyavunja. Na tulicheka. Nasema tulicheka, kwa sababu hata wale waliokuwapo barazani siku ile, wazee wenzangu, walionyesha meno. Nikamwuliza, "Na mhimili, bwana?"

"Mhimili upi?"

"Mhimili wa pembea. Ulipewa fidia ya ng'ombe. Uko wapi?"

"Ah, ule!" akasema kwa furaha. "Mti mzuri sana ule, mchwa hawaugusi. Ndio ninaofungia lango la zizi mpaka leo."

"Basi urudishe," nikamwambia.

Kicheko kikakatika. Jirani yangu alinivuta kanzu. "Hapa si mahali pake," akaninong'oneza. "Ni hitima." Mwingine akasema kwa sauti, "Yamepita, bwana mwandishi. Marehemu mwenyewe alisamehe." Nikauliza aliyemsikia akisamehe ni nani. Mzee mwenye zizi alinitazama bila chuki, kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeamkiwa kwa lugha asiyoijua. "Nimrudishie nani?" akaniuliza. "Si amekufa?"

Hilo ndilo swali nililorudi nalo Kyerwa, na katika njia yote nimelijibu kwa namna nyingi. Sikatai kwamba desturi hubadilika. Mimi mwenyewe nakula maharage na kunywa mtindi. Wala simlaumu kijana aliyeogopa baba yake, kwani mtu anayeogopa kunyang'anywa ng'ombe baada ya sotoka ni mtu, si shetani. Ninacholaumu ni huu wepesi wetu. Desturi ikiwa na nguvu tunaiinua kama shoka na kumkata nayo mtu asiye na ukoo wa kumtetea, mgeni, mjane. Ikishaisha makali tunaigeuza mchezo wa kuchekea, na tunataka na aliyekatwa acheke nasi. Nani amewahi kurudi kwa aliyehukumiwa na kumwambia, tumeona sasa kwamba halikuwa kosa, simama? Hatuna baraza la namna hiyo. Tunayo mabaraza ya kuvunja pembea. La kuisimamisha hatujalipata.

Na si yeye peke yake aliyevunjiwa. Tangu pembea ishuke, mji ule haujapata tena siku ambayo watu wa migomba na watu wa ng'ombe wanakutana bila kesi, bila kodi, bila msiba. Nimeuliza vijana wakati wa hitima ni wapi wanapochezea kiangazi. Mmoja akasema wanakunywa pombe. Ajuza wa Nyabiyonza aliiona Kihanga kutoka juu akiwa amekaribia kaburi, na wajukuu wa wajukuu wake hawataiona hivyo, kwa sababu mtu mmoja aliona haya ya ugwe mkononi.

Nilipoondoka nilipita kwenye zizi lile. Haikuwa njia yangu, nilikwenda kusudi. Ng'ombe walikuwa wanaingia, na mchungaji alikuwa ameuegemeza mhimili kando ya lango akingoja wa mwisho apite. Niliutambua mara moja. Katikati umebonyea pale mbao za msalaba zilipopigiliwa, na ncha zake, zilizokuwa zikizunguka juu ya nguzo, zingali laini na nyeusi kwa mafuta ya nyonyo aliyoupaka kwa mikono yake. Nikaishika ncha moja. Mchungaji akaniuliza natafuta nini, nikamwambia sitafuti, nimekwisha kukiona.

Sina la kuwafundisha wasomaji wangu ila hili: anayetaka kuicheka desturi ya jana ana haki ya kucheka, lakini kwanza amwinue aliyeangushwa nayo, na kama amekwisha kufa, ainue alichokuwa anakipenda. Nawe bwana mwenye zizi, sikukutaja jina, ingawa waliokula nawe hitima wanakujua. Uliuliza umrudishie nani. Nakujibu hapa, mbele ya watu, kama ulivyosimama wewe mbele ya watu. Urudishe uwanjani. Nguzo tutazikata sisi, masanduku yatapigwa, maseremala wapo na vijana wa kusukuma wapo, wanakaa bure. Lango lako lifunge kwa mti mwingine, Karagwe haijaishiwa miti. Kiangazi ndicho hiki, na njia ni kavu.